Rufaa ya Kwanza Ndiyo Rufaa

Aprili 11, 2025, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uamuzi uliokuwa umetolewa na Mahakama ya Rufaa mjini Malindi mnamo Julai 2023. Uamuzi huo wa Malindi ulisema kifungo cha maisha kinakiuka Katiba, na mtu aliyekuwa amehukumiwa maisha kwa kumnajisi mtoto mdogo akawekewa miaka 40. Mahakama ya Juu ikamrudishia maisha yake yote gerezani. Tangu siku hiyo nimesikia tafsiri mbili, moja ya kilio na nyingine ya shangwe. Wanaolia wanasema mlango wa rufaa umefungwa kwa wafungwa wa maisha. Wanaoshangilia wanasema wahalifu wamenyang'anywa mchezo wa kuzungusha kesi hadi wampate jaji mpole. Naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Hukumu ile haikufunga mlango wowote wa rufaa. Ilitukumbusha tu, kwa ukali, kwamba milango ina mpangilio, na hoja ambayo haikupelekwa kwenye mlango wa kwanza haiwezi kuibukia kwenye wa pili. Ikiwa ndivyo, basi karibu haki yote ya mtu aliyetiwa hatiani imo ndani ya rufaa ya kwanza, ile ambayo nchi yetu inaijali kidogo kuliko zote.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Katika mazungumzo yetu ya kawaida kila kinachotokea baada ya hukumu kinaitwa rufaa. Mfungwa akimwandikia jaji kuomba kifungo kihesabiwe upya, tunasema amekata rufaa. Akiachiliwa kwa msamaha wa rais, jirani anasema ameshinda rufaa. Sheria haiyachanganyi mambo haya hata kidogo, kwa sababu kila njia inauliza swali lake. Rufaa inauliza kama mahakama ya chini ilikosea. Marejeo ya Mahakama Kuu yanauliza kama uamuzi wa hakimu ulikuwa halali na wa haki, na yanaweza kuanzishwa na Mahakama Kuu yenyewe ikiitisha jalada. Lakini mtu aliyekuwa na nafasi ya kukata rufaa akaiacha, sheria haimruhusu kuyageuza marejeo kuwa rufaa ya mlango wa nyuma. Ombi chini ya Ibara ya 50(6) ya Katiba linauliza kama umepatikana ushahidi mpya na mzito ambao haukuwapo wakati wa kesi, na hutolewa na yule ambaye rufaa zake zimekwisha au muda wake wa rufaa umepita. Msamaha chini ya Ibara ya 133 hauulizi kabisa kama mahakama ilikosea. Rais anaweza kumsamehe mtu ambaye kila jaji aliyemsikiliza alikubaliana kuwa ana hatia.

Sasa tuitazame ngazi yenyewe ya rufaa. Kesi nyingi za jinai huanza kwa hakimu, zikiwemo unajisi na wizi wa mabavu. Aliyetiwa hatiani na hakimu ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Hapo anaweza kupinga kila kitu: ushahidi, tafsiri ya sheria, na adhabu. Asiporidhika anakwenda Mahakama ya Rufaa, na hapo ngazi inakuwa nyembamba ghafla, maana rufaa ya pili ni ya masuala ya sheria pekee. Tena Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inasema wazi kwamba ukali wa adhabu ni suala la ukweli wa mambo, si la sheria. Kwa hiyo anayelalamika kwamba miaka 20 ni mingi hana wa kumsikiliza huko, isipokuwa kama Mahakama Kuu ndiyo iliyomwongezea, au kama hakimu alitoa adhabu asiyokuwa na mamlaka nayo. Juu kabisa iko Mahakama ya Juu, ambayo hupokea masuala ya tafsiri au matumizi ya Katiba, na yale yaliyothibitishwa kuwa na uzito kwa umma mzima. Kesi za mauaji huanzia Mahakama Kuu, kwa hiyo rufaa yake ya kwanza ni Mahakama ya Rufaa.

Wengi hawajui ukubwa wa kile kinachopatikana kwenye rufaa ya kwanza. Tangu kesi ya Okeno ya 1972, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, mahakimu na majaji wetu wamefundishwa kwamba mkata rufaa wa mara ya kwanza ana haki ya ushahidi wote kuchunguzwa upya, kwa kina, na mahakama hiyo ifikie uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia wakizungumza. Ni kama kesi inasikilizwa tena kwa njia ya karatasi. Kama shahidi alisema alimtambua mshtakiwa usiku kwa mwanga wa taa, jaji wa rufaa ya kwanza anaweza kuuliza taa ilikuwa wapi, ilikuwa na nguvu kiasi gani, na tukio lilichukua dakika ngapi. Kama ripoti ya daktari inapingana na simulizi la shahidi, jaji anaweza kusimama hapo na kusema shaka hii ni ya kumfaa mshtakiwa. Jaji wa rufaa ya pili hafanyi hivyo. Yeye huanza na dhana kwamba ukweli uliokubaliwa na mahakama mbili zilizotangulia ni ukweli, na hauondoi mpaka aonyeshwe kwamba haukutegemezwa na ushahidi wowote au ulisomwa kwa namna ambayo hakuna mahakama yenye busara ingeusoma.

Mama mmoja wa Kisauni aliwahi kuniletea mfuko wa nailoni uliojaa karatasi za kesi ya mwanawe. Alikuwa amechanga pesa kwa muda mrefu, akikataa kumlipa wakili wa Mahakama Kuu kwa sababu, alivyoniambia, "nilitaka ya mahakama kubwa." Rufaa ya kwanza ya kijana ilikuwa ukurasa mmoja, ulioandikwa kwa mkono gerezani, wenye sentensi ambayo kila aliyewahi kusoma majalada haya anaijua kwa moyo: hakimu alikosea kisheria na kiukweli. Haikusema alikosea wapi. Ilitupwa. Pesa za mama zikaenda kwenye rufaa ambayo wakili hakuruhusiwa tena kugusa kile kilichokuwa kinamuuma, yaani kwamba shahidi mkuu alibadilisha maelezo yake. Hakuna aliyemdanganya. Aliamini tu kile tunachoamini wengi wetu, kwamba mahakama ikiwa kubwa zaidi na haki huwa kubwa zaidi.

Kuna kundi jingine ambalo hata hiyo rufaa ya kwanza hulifikia ikiwa imekatwa nusu, nao ni waliokiri kosa. Aliyekiri hawezi kupinga hatia. Anaweza kupinga tu uhalali au kiwango cha adhabu. Sheria hii inaonekana ya haki mpaka utazame jinsi kukiri kunavyotokea. Mshtakiwa anasomewa shtaka, anajibu "ni kweli," na kalamu inaandika kwamba amekiri. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunajua "ni kweli" inaweza kubeba mambo mangapi. Ni kweli nilikuwepo. Ni kweli tulipigana. Ni kweli nilichukua ng'ombe, lakini ni wangu. Ndiyo maana kesi ya Adan ya 1973 iliweka hatua ambazo hazirukwi: shtaka na kila kiungo chake lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, kisha upande wa mashtaka ueleze mambo yalivyotokea, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza maelezo. Akisema jambo linaloonyesha hakubali, kukiri kufutwe na kesi isikilizwe. Hatua hizi zikirukwa, mkata rufaa anaweza kudai kwamba hakukiri kamwe, na mlango uliokuwa umefungwa unafunguka. Lakini ni nani atamwambia hivyo ndani ya siku 14, akiwa yuko gerezani katika sehemu ya wafungwa wapya?

Kuelewa Mahakama ya Juu ilikuwa inakasirikia nini mwaka 2025, ni lazima turudi Desemba 14, 2017. Siku hiyo, katika kesi ya Muruatetu, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji, bila kusikiliza maelezo ya kujitetea juu ya adhabu, inakiuka Katiba. Haikuifuta hukumu ya kifo. Ilifuta ulazima wake. Kilichofuata kilikuwa mafuriko. Wafungwa wa wizi wa mabavu, ambao nao sheria inawalazimishia kifo, na wafungwa wa unajisi wenye vifungo vya chini vilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, walimiminika mahakamani wakiomba wahukumiwe upya, na wengi walifanikiwa. Julai 6, 2021, Mahakama ya Juu ilisimama ikasema haikuwa na maana hiyo: uamuzi wa 2017 ni wa mauaji peke yake, na anayetaka kupinga adhabu ya kosa jingine afungue kesi yake ianzie chini na ipande. Kwa hiyo watu wawili waliofungwa kwa kosa lile lile wangeweza kuachana njia kwa sababu tu jalada la mmoja liliitwa 2019 na la mwenzake 2022. Aprili 2024 ikarudia somo hilo katika kesi nyingine ya unajisi, ambapo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imepunguza miaka 20 ya lazima hadi 15. Miaka 20 ikarudi. Hukumu ya 2025 ni ya tatu katika mfululizo huo, na sababu yake kuu ni ile ile. Hoja kwamba kifungo cha maisha kinakiuka Katiba haikuwahi kutolewa mbele ya hakimu wala Mahakama Kuu. Ilizaliwa kwenye rufaa ya pili, na mahakama ya rufaa ya pili haikuwa na mamlaka ya kuipokea. Isitoshe, majaji walisema, kuamua kwamba maisha ni miaka mingapi ni kazi ya Bunge.

Wanaoipinga hukumu hiyo wana hoja nzito, nami sitaipuuza. Wanauliza: mfungwa ambaye hakuwa na wakili, aliyejitetea mwenyewe mbele ya hakimu, angejuaje kuibua suala la utu wa binadamu chini ya Ibara ya 28? Na kama adhabu inakiuka Katiba, inakuwa halali kwa sababu tu mtu alichelewa kulalamika? Ni maswali ya haki. Jibu langu ni kwamba swali la kwanza linathibitisha kile ninachosema, yaani kwamba jeraha liko chini, na kulitibu juu ni kulifunika bandeji. Kuhusu la pili, tazama kilichotokea mlango wa juu ulipoachwa wazi. Malindi, Julai 2023, Mahakama ya Rufaa ilisema maisha ni miaka 40. Kisumu, Desemba mwaka huo huo, majaji wengine wa mahakama hiyo hiyo wakasema maisha ni miaka 30. Hakuna sheria iliyobadilika katikati. Hakuna ushahidi uliotolewa kuhusu wafungwa wa maisha wanaishi muda gani, wanabadilika vipi, au familia za waathiriwa zinasemaje, kwa sababu rufaa ya pili si mahali pa ushahidi. Tofauti ya miaka 10 ya maisha ya mtu ilitegemea ufuo gani kesi yake ilisikilizwa, wa bahari au wa ziwa. Anayejali utu wa mfungwa hawezi kuitetea hali hiyo.

Lakini hoja dhaifu kuliko zote inatoka upande wa washangiliaji, nayo ndiyo inayosikika sana: kwamba rufaa ni mwanya wa wahalifu, na kadiri inavyobanwa ndivyo waathiriwa wanavyolindwa. Aliyesema hivyo hajasoma sheria ya rufaa. Kwanza, rufaa ina makali pande mbili. Jaji wa Mahakama Kuu ana mamlaka ya kuongeza adhabu, si kupunguza tu, na kwa utaratibu humwonya mkata rufaa mapema kwamba akiendelea anaweza kuondoka na kifungo kirefu zaidi. Wapo wanaoondoa rufaa zao baada ya kusikia onyo hilo. Pili, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma naye anaweza kukata rufaa mshtakiwa akiachiliwa, na tangu marekebisho ya 2014 anaweza kufanya hivyo kwa hoja za ukweli wa mambo pamoja na za sheria. Familia ya mtoto aliyenajisiwa ambayo hakimu aliikatisha tamaa inaihitaji rufaa ya kwanza sawasawa na mfungwa. Na tatu, jambo ambalo linaniuma kulisema kwa sababu ya kesi zenyewe: kila anapofungwa maisha mtu asiyehusika, yule aliyemuumiza mtoto yuko nje, pengine katika kijiji kile kile, na hakuna anayemtafuta. Rufaa iliyosomwa kwa makini inamlinda mtoto wa pili.

Majirani zetu wana funzo juu ya hili. Tanzania, aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatakiwa kutoa notisi ya nia ya kukata rufani ndani ya siku 10, kisha awasilishe sababu zake ndani ya siku 45, na siku alizosubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hazihesabiwi. Utaratibu huo unatenganisha kusema "sikubali" na kueleza kwa nini, jambo ambalo lina busara kwa mtu asiyejua bado hakimu aliandika nini. Kesi inayokumbukwa zaidi huko ni ya mwanamuziki Nguza Viking, maarufu Babu Seya, na wanawe, waliohukumiwa maisha mwaka 2004 kwa makosa ya kubaka watoto. Rufani ya kwanza Mahakama Kuu ilishindwa. Februari 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wawili na kuwabakisha baba na mwanawe Papii Kocha. Maombi ya mapitio yalikataliwa. Desemba 9, 2017, Rais Magufuli aliwasamehe. Kisha Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikasema haki yao ya kujitetea ilikuwa imekiukwa katika mambo kadhaa ya kesi ya awali. Mitaani simulizi hii ilikuwa moja tu, kwamba "walishinda." Ukweli ni kwamba msamaha haukufuta hatia, na uamuzi wa Arusha haukusema hawakutenda kosa. Kila mlango ulijibu swali lake. Na kile ambacho Arusha ilikilalamikia miaka 14 baadaye, kuhusu maelezo ya mashahidi na nafasi ya kuita mashahidi wa utetezi, kilikuwa cha kurekebishwa kwenye kesi yenyewe, au kwenye rufani ya kwanza.

Kwa hiyo, kama tunakubali mpangilio ambao Mahakama ya Juu imeusimamia mara tatu, tunalazimika kulipia gharama yake. Hatuwezi kumwambia mfungwa kwamba hoja zake zote ziwe tayari kwenye rufaa ya kwanza, halafu tukamwachia rufaa hiyo aiandike mwenyewe kwa kalamu ya kuazima. Ibara ya 50(2)(h) inaahidi wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo kukosa wakili kungeleta dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda chombo cha kuitekeleza ahadi hiyo. Lakini katika uzoefu wa mahakama zetu wakili huyo huonekana zaidi kwenye kesi za mauaji Mahakama Kuu. Anayekabiliwa na maisha kwa hakimu, kwa shtaka la kumnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini, mara nyingi anasimama peke yake, na anasimama peke yake tena kwenye rufaa. Baadhi ya magereza yamepata wafungwa waliosomea sheria wakiwa ndani, wanaowaandikia wenzao sababu za rufaa. Nawaheshimu sana watu hao. Ila haki ya kikatiba isitegemee bahati ya kupangiwa seli moja na msomi. Siku 14 nazo zinatosha kwa mwenye wakili aliyekaa mahakamani siku ya hukumu. Kwa aliyepelekwa jela bila nakala ya hukumu zinapita kabla hajajua zimeanza. Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda kwa sababu nzuri, na kukosa nakala kwa wakati ni sababu nzuri. Lakini ombi hilo nalo lazima mtu ajue lipo. Ofisa wa gereza ana jukumu la kupokea na kupeleka karatasi za rufaa za mfungwa. Kumwambia kila mfungwa mpya, kwa Kiswahili na siku ya kwanza, kwamba ana rufaa na tarehe yake ya mwisho ni ipi, hakuhitaji bajeti mpya.

Linabaki Bunge. Ndani ya hukumu ile ya 2017, Mahakama ya Juu ilipendekeza kwa Mwanasheria Mkuu na Bunge waandae sheria itakayoeleza kifungo cha maisha ni nini. Hadi hukumu ya Aprili 2025 sheria hiyo ilikuwa haijatungwa, na ni pengo hilo ambalo majaji wa Malindi na Kisumu walijaribu kuliziba kwa miaka 40 na miaka 30. Mfungwa wa maisha hapati punguzo la theluthi wanalopata wenzake kwa tabia njema. Akiwa rufaa zake zimekwisha na hana ushahidi mpya, kilichobaki mbele yake ni Kamati ya Ushauri ya Msamaha na sahihi ya rais. Anayetaka kupinga adhabu hiyo yenyewe bado anaweza: afungue kesi Mahakama Kuu, alete ushahidi wake, Mwanasheria Mkuu ajibu, waathiriwa wasikilizwe, na hoja ipande ngazi ikiwa na miguu. Kesi hiyo itahitaji mawakili walio tayari kuibeba tangu siku ya kwanza, katika mahakama ya chini kabisa inayoweza kuisikiliza.